Bibi wa Nicodemus

Nicodemus ni kijiji cha wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, karibu na Mto Solomon. Kiliasisiwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno "mlowezi" hujiwa na picha ya mzungu mwenye shamba kubwa na manamba. Wamarekani nao, kwa jinsi filamu zao zilivyowazoesha, humwona mzungu na familia yake ndani ya gari la kukokotwa. Bibi wa Nicodemus ni mjukuu au kitukuu wa walowezi ambao picha hizo zote mbili zimewasahau: watu waliozaliwa wakiwa mali ya wengine, wakaenda magharibi kutafuta shamba ambalo hakuna bwana angewafukuza.

Sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln, ilimruhusu mkuu wa kaya kupewa ekari 160 za ardhi ya serikali iwapo angeishi juu yake na kuilima kwa miaka 5. Serikali ilikuwa imeipata ardhi hiyo kwa kuwasukuma kando wenyeji waliokuwa wakiwinda humo, Wapawnee na Wacheyenne miongoni mwao. Jambo hili halifichwi kijijini. Simulizi za majira ya baridi ya kwanza husema kwamba Waosage waliokuwa wakirudi mawindoni ndio waliowagawia walowezi nyama, wakati akiba ilikuwa imekwisha na mavuno yangali mbali.

Mbuga ile haikuwa na miti ya kujengea, kwa hiyo watu walichimba nyumba ubavuni mwa vilima na kuziezeka kwa matete na udongo. Willianna Hickman, aliyefika na mumewe mwaka 1878 baada ya baadhi ya watoto wa msafara wao kufa kwa surua, alieleza baadaye kwamba alioneshwa kijiji asikione. Alichoona ni moshi ukitoka ardhini, akalia. Wageni hukichukua kisa hiki kama kisa cha kukata tamaa, nao hukosea, kwa sababu aliyelia alibaki. Mabibi wanaokisimulia huanza na moshi na kumalizia na shamba lililolimwa. Katika kijiji ambacho wengi wa waliokianzisha hawakuwahi kufundishwa kusoma, sehemu kubwa ya historia ilipitia midomoni mwa wanawake kabla haijaingia kitabuni.

Maisha ya bibi huyu yamefuata ngano. Ngano ya Kansas hupandwa majira ya kupukutika majani, hulala chini ya theluji, na huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, ambapo zamani jiko halikupoa mchana kutwa kwa kupikia wavunaji. Baada ya mavuno ilikuja kazi ya kuhifadhi: maharage, nyanya na zambarau pori za kandokando ya mto, zilizopikwa kwa sukari na kufungwa katika chupa za kioo. Mfarishi wa viraka ulishonwa wakati wa baridi. Vipande vya nguo zilizochakaa na magunia ya unga viliunganishwa, na aliyejua kushona alijua pia kila kipande kilitoka kwenye nguo ya nani. Mfarishi wa aina hiyo ni kumbukumbu ya ukoo, na inasikitisha kuuona ukiuzwa mnadani kama pambo la ukutani kwa mtu asiyejua hata jina moja lililomo. Harusi na mazishi hufuata taratibu za makanisa, kama kwingineko miongoni mwa Wamarekani weusi.

Desturi kuu kuliko zote ni sherehe ya ukombozi, iitwayo pia Kurudi Nyumbani. Imefanyika tangu mwaka 1878, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kwa kuwa tarehe 1 Agosti 1834 ndiyo sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Wazawa waliotawanyika Marekani nzima hurudi siku hizo. Huwapo gwaride, chakula cha pamoja, dansi, na ibada ya Jumapili. Kazi ya bibi katika siku hizo ni kuwatambulisha watu. Kijana aliyekulia jijini husimama mbele yake, akaulizwa ni wa nani, kisha akapangiwa nasaba yake hadi kwa yule aliyeshuka kwenye treni mjini Ellis na kusafiri kilomita zipatazo 55 mbugani. Binamu wawili wasiowahi kuonana hujuana hapo hapo, uani kwake.

Reli ilipita kusini ya kijiji mwaka 1888, na wafanyabiashara wakaifuata. Ukame na vumbi vya miaka ya 1930 viliwaondoa wakulima wengi, na posta ikafungwa mwaka 1953. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa, na sasa majengo yake ya kale yanatunzwa. Wakazi hawafiki 30, na mashamba mengi hulimwa na wapangaji. Waandishi wa safari hupaita mji mfu, neno la kuudhi kwa mahali ambapo watu hurudi kila mwaka.

Hata hivyo, nyumba zilizokuwa zikiwapokea zinapungua. Zamani wageni walilala kwa bibi, watoto wakijipanga sakafuni juu ya mifarishi ile ile. Siku hizi wengi hupanga vyumba Hill City na miji mingine ya jirani, wakaja asubuhi kwa gwaride na kuondoka jua likizama.