Je, Wajua? Karatasi Bado Inatawala Spika za Gitaa

Je, wajua kwamba sauti ya gitaa la umeme, hata lile linalotikisa uwanja mzima, kwa kawaida hutoka kwenye karatasi? Koni ya spika, ile sehemu iliyobonyea kama faneli, hufinyangwa kwa rojo la nyuzi za miti. Koili ya waya iliyogundishwa katikati yake huchezacheza ndani ya sumaku, na koni husukuma hewa.

Spika ya studio hutakiwa kurudisha sauti kama ilivyorekodiwa, bila kuongeza chake. Spika ya gitaa ni sehemu ya ala yenyewe. Nyingi hufifisha sauti zinazozidi hezi 5,000 au 6,000 hivi, na ni heri, maana juu ya hapo sauti ya gitaa iliyovurugwa na amplifaya hukwaruza masikio. Tena sauti ikipandishwa, karatasi huacha kwenda kwa pamoja, kila sehemu ikatetemeka kivyake. Mafundi wa studio huuhesabu mtetemo huo kuwa kasoro. Wapiga gitaa huusaka, na nadhani wana haki: ndio unaolipa gitaa joto lake.

Mwaka 1964, huko Uingereza, Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, aliichana kwa wembe koni ya amplifaya yake ndogo. Mkwaruzo uliozaliwa hapo ndio unaosikika katika wimbo “You Really Got Me”.

Je, wajua kwamba zipo koni za nyuzi za mmea wa bangi? Ni aina inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, isiyolevya. Nyuzi zake ni ndefu na imara, na wengi huzisifu kwa kulainisha ukali wa sauti za juu. Tone Tubby wa California wanazitengeneza. Eminence, kampuni ya Kentucky, wana spika waliyoipa jina la Cannabis Rex. Kentucky hiyohiyo, katika karne ya 19, iliongoza Marekani kwa kilimo cha zao hilo.

Nje ya gitaa, maajabu ni makubwa zaidi. Mwaka 1989 Sony walitoa vipokea sauti vya kichwani, MDR-R10, ambavyo utando wake, unaofanya kazi ya koni, ulitokana na selulosi, dutu ileile iliyo kwenye karatasi, ila hii ilifumwa na bakteria.

Kwenye gitaa la besi, karatasi ilipata mshindani wa kweli. Miaka ya 1980 Larry Hartke alileta koni za alumini, na mpiga besi Jaco Pastorius alikuwa miongoni mwa waliozipokea mapema. Alumini ni ngumu na nyepesi, hivyo kidole kikigonga waya, mlio wa kugonga huko husikika waziwazi. Wapo walioona sauti yake kali mno. Baadaye kampuni ya Hartke ikatoa spika za HyDrive, zenye koni ya vitu viwili: alumini katikati, karatasi pembeni.