Farumi: Maji yanayolinda mtaji baharini

Mwekezaji anayefuatilia hisa za kampuni za mafuta huangalia bei ya pipa na ukubwa wa kisima. Ni wachache wanaouliza nani anauzuia mtambo unaoelea usiinamie upande.

Mitambo mingi ya kina kirefu huelea juu ya nguzo nene zenye matangi ndani. Maji ya bahari huingizwa au kutolewa kulingana na mzigo ulio juu: mabomba, mafuta, hata winchi inapogeuka. Mabaharia wa majahazi huita uzani huo farumi, ila wao hutumia mawe na mchanga. Mawe yakipangwa hutulia. Maji hayatulii, tangi lililojaa nusu huyamwaga upande ule ule ulioinama, na mtambo ukazidi kulala. Ndiyo maana mwendesha farumi hukaa zamu usiku na mchana akipiga hesabu za uzani.

Februari 1982, karibu na Newfoundland, Canada, wimbi lilivunja dirisha la chumba cha farumi cha mtambo wa Ocean Ranger. Maji ya chumvi yaliharibu paneli ya vali. Wote 84 walikufa. Tume ya uchunguzi ilisema waendeshaji hawakuwa wamefundishwa vya kutosha.

Kwa upande wa fedha, mfano mzuri ni Thunder Horse katika Ghuba ya Mexico, mali ya BP (asilimia 75) na ExxonMobil (25). Ulijengwa kutoa mapipa 250,000 kwa siku. Kwa bei ya mwaka 2005, iliyokuwa karibu dola 60, hizo ni dola milioni 15 kila siku kabla ya gharama. Julai mwaka huo wafanyakazi waliondolewa kukikimbia kimbunga Dennis. Waliporudi waliukuta umeinama nyuzi 20 hivi. Kimbunga hakikuutoboa. Mfumo wa haidroliki ulipozimwa, vali kadhaa za farumi zilifunguka kiasi, maji yakahamia vyumba visivyostahili, wala hapakuwa na mtu zamu.

Uliinuliwa baada ya siku chache. Lakini mafuta ya kwanza yalitoka Juni 2008, miaka 3 baadaye. Tusiitwike farumi lawama zote: mwaka 2006 ziligunduliwa pia nyufa katika viungo vya vifaa vya chini ya bahari.