Herufi Nene za Mlazo Zilizobanwa na Usomekaji wa Kiswahili

Katika taaluma ya uchapaji, herufi zisizo na vikia ni zile ambazo mistari yake huishia wazi, bila vijipindo vinavyoonekana katika herufi nyingi za vitabuni. Herufi hizo zinapokozwa, zikabanwa ubavuni na kulazwa kuelekea kulia, hazifai tena kusomewa kurasa ndefu. Kazi yake huwa ni kuita macho katika vichwa vya habari, mabango na majalada.

Sifa hizo hazikuzuka kwa pamoja. Mlazo ndio uliotangulia: mwaka 1501, Aldus Manutius wa Venice aliutumia kuchapa kazi za Virgil kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi zisizo na vikia zilijitokeza yapata mwaka 1816 katika orodha ya William Caslon IV wa London, zikiwa herufi kubwa tupu. Unene na kubanwa vilishamiri katika karne ya 19, matangazo ya biashara yalipogombea nafasi ukutani. Katika karne ya 20, familia kama Futura ya Paul Renner (1927) na Helvetica ya Max Miedinger (1957) zilipata matoleo yanayokusanya sifa zote nne.

Kwa mintarafu ya Kiswahili, manufaa ya kubana herufi ni dhahiri. Lugha hii huambisha viambishi vingi kwenye mzizi mmoja, hata neno *wasiojiandikisha* likawa na herufi 16. Katika safu nyembamba ya gazeti, neno kama hilo hukatwa, hupunguzwa ukubwa au hubanwa. Kubana huliacha likiwa zima na kubwa.

Hata hivyo, kuna gharama. Unene na kubanwa hupunguza uwazi ulio ndani ya herufi, na herufi zinazoumia zaidi ni *a*, *e* na *o*, ambazo ni irabu. Katika Kiswahili, irabu ya mwisho wa kitenzi hubeba sarufi. *Wakulima walipa kodi* ni taarifa. *Wakulima walipe kodi* ni agizo. *Wakulima walipo* huonyesha mahali. Katika Helvetica, uwazi wa *a* na *e* ukizibika, herufi hizo hukaribiana kwa umbo. Katika Futura, ambayo *a* yake ndogo ni duara lenye kijiti, hatari ni kuisoma kama *o*. Herufi kubwa hupunguza utata huo, lakini hudai upana uleule ambao mchapaji alitaka kuuokoa.

Kadhalika ipo alama ya ritifaa katika *ng'*. Mlazo huiegemeza juu ya herufi inayofuata, na nafasi ikipunguzwa mno humezwa. Hapo *ng'oa*, yaani kuchomoa, husomeka *ngoa*, yaani wivu au tamaa.

Haina maana kwamba herufi hizi ziepukwe. Hapana budi zijaribiwe kwa maneno ya Kiswahili yenyewe, katika ukubwa utakaotumika na kwa umbali wa msomaji, kabla ya kuteuliwa. Mchapaji aangalie kwanza jozi kama *walipa* na *walipe*, kisha *ng'oa* na *ngoa*. Zikitofautika kwa mtazamo mmoja, herufi inafaa. Zisipotofautika, nafasi iongezwe au unene upunguzwe, hata kama kichwa cha habari kitahitaji mstari wa pili.