Vali ya Usalama Hununuliwa kwa Kilo za Mvuke, Si kwa Inchi za Bomba

Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinaishi kwa mvuke. Vile vya chai, Kericho na Mufindi, hukaushia majani kwa joto la boila zinazokula kuni. Vile vya sukari, kama TPC huko Moshi na Kakira karibu na Jinja, huchoma makapi ya miwa, huzungusha mitambo ya umeme kwa mvuke wake, na umeme wa ziada huuzwa kwenye gridi ya taifa. Viwanda vya bia, sabuni, maziwa na nguo vina boila, na hospitali kubwa nazo zina zake. Juu ya kila boila pana kifaa ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mtambo unaolindwa: vali ya usalama. Kwa kuwa bei ni ndogo, ni rahisi uamuzi wake kuachiwa ofisi ya manunuzi, ambayo huuliza ukubwa wa bomba kisha ikachukua bei ya chini. Uamuzi huo unapaswa kurudi mikononi mwa mhandisi.

Uzito wa jambo lenyewe uko kwenye maji. Boila inapofanya kazi kwa presha ya bar 10, maji yaliyomo yana joto la takriban nyuzi 184. Ikipasuka, presha hushuka ghafla, na kiasi cha asilimia 16 ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Kila lita inayogeuka hudai nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa jengo hauwezi kuuzuia mshindo huo. Vifaa vingine vyote, vya kudhibiti moto, maji na presha, vinaweza kukosea; vali ya usalama ndiyo kinga ya mwisho.

Mnunuzi ana maswali mawili makuu. La kwanza ni vali ifunguke kwa presha ipi. La pili, ambalo ndilo husahaulika, ni ikishafunguka itatoa kilo ngapi za mvuke kwa saa. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ambazo toleo lake la kwanza ni la 1914, zilipata msukumo mkubwa kutokana na mlipuko wa Machi 1905 katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, ulioua watu 58. Kanuni hizo zinataka vali moja angalau ipangwe ifunguke kwa presha isiyozidi ile ya juu inayoruhusiwa kwa boila. Zile nyingine zinaweza kupanda hadi asilimia 3 juu yake. Kwa pamoja zitoe mvuke wote unaoweza kuzalishwa, presha isipite asilimia 6 juu ya kiwango hicho. Boila yenye mabomba ambayo eneo lake la kupokea joto linazidi takriban mita za mraba 47 huhitaji vali mbili au zaidi.

Tuchukue boila ya tani 6 za mvuke kwa saa, presha bar 10. Vali ya springi yenye koo, yaani tundu la kupitishia mvuke, la milimita za mraba 506 itatoa, kwa makadirio ya kawaida, takriban kilo 2,640 kwa saa. Mbili zitatoa kilo 5,280. Hazitoshi. Tukibadilisha moja na kuweka yenye koo la milimita za mraba 830, jumla inafika karibu kilo 6,970, na boila inalindwa. Mtego ni kwamba vali hizi mbili zinaweza kuuzwa zote na flenji ya inchi 2. Kwa macho, na kwenye karatasi ya bei, zinafanana.

Kuna mtego wa pili ambao wenye boila kuukuu wanapaswa kuuogopa zaidi. Mkaguzi akiona chuma kimepungua unene, anaweza kuagiza presha ishushwe, tuseme kutoka bar 10 hadi 7. Mwenye kiwanda hudhani amejiongezea usalama, na kwa upande wa chuma ni kweli. Lakini mvuke unaopita kwenye koo hupungua kadiri presha inavyopungua. Zile vali mbili zilizotoa kilo 6,970 sasa zitatoa takriban 5,070, ilhali moto chini ya boila bado una uwezo wa kuzalisha tani 6. Kulegeza springi hakutoshi. Hesabu ifanywe upya, na huenda vali zikabidi kubadilishwa.

Kwenye mitambo ya umeme mambo huongezeka. Mvuke hutoka kwenye dramu, yaani tangi la boila unakokusanyika, ukapita kwenye mabomba ya supahita kuongezwa joto. Vali ya supahita hupangwa ifunguke kabla ya zile za dramu, ili mvuke uendelee kupita ndani ya mabomba na kuyapooza. Zile za dramu zikitangulia, supahita hubaki na moto bila mvuke wa kutosha, na mabomba yake huungua. Joto nalo huamua chuma: mvuke wa nyuzi 440 umepita mpaka wa chuma cha kaboni, hivyo mwili wa vali unahitaji aloi yenye kromi na molibdenamu, na springi iwe wazi ili ipoe.

Matangi ya presha, kama vyungu vya sabuni na mitungi ya kutakasia vifaa hospitalini, yana hatari yake. Mengi hupokea mvuke ulioshushwa presha na vali ya kupunguzia. Hiyo ikikwama wazi, presha yote ya boila huingia kwenye tangi lisiloiweza. Kwa hiyo vali ya usalama ya tangi hupimwa kwa mvuke wote unaoweza kupita siku vali ya kupunguzia imeharibika, wala si kwa matumizi ya kila siku.

Uchaguzi mbaya hugharimu hata pasipokuwa na ajali. Boila ikiendeshwa karibu mno na presha ya kufungukia vali, pasipo nafasi ya asilimia 10 hivi, vali huvujavuja. Kuni huteketea bure, sehemu zinazozibana hulika, na mwendesha boila hupata kishawishi cha kukaza springi au kuining'inizia uzito. Hapo kinga imeondolewa na boila inaendelea kuwaka. Vivyo hivyo, koki ya kufungia haipaswi kuwekwa kamwe kati ya boila na vali yake.

Kwa upande wa biashara, kiwanda cha chai hakiwezi kumwambia mkulima asubiri: jani likishachumwa lina saa zake. Vali ya akiba, iliyopimwa na kupigwa lakiri, hugharimu kidogo kuliko siku moja ya kiwanda kusimama msimu wa mavuno. Kuna nafasi pia kwa karakana za hapa nyumbani kuwekeza kwenye meza za kupimia vali na mafundi wenye vyeti, ili mwenye kiwanda asilazimike kusafirisha vali mbali kila ukaguzi unapokaribia.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na wakaguzi wa nchi hizo wana mamlaka juu ya boila. Lakini mkaguzi hufika baada ya vali kununuliwa. Oda yenyewe ndiyo iseme mapema: kanuni inayofuatwa, presha ya kufungukia, kilo za mvuke kwa saa, joto la mvuke, aina ya chuma, cheti cha uwezo, na namba kwenye kibao inayolingana na cheti. Vali isiyo na kilo zilizoandikwa kwenye kibao irudishwe dukani, hata ikitolewa bure. Na sahihi ya mwisho kwenye oda hiyo iwe ya mhandisi anayeijua boila, kwa sababu wanaosimama mbele ya tanuri kila zamu hawakushirikishwa kuchagua bei.