Kaswende Isiyokuwepo

Mimi ni laboranti, nafanya kazi Makiso, mjini Kisangani, na karatasi ninayoiogopa kuliko zote si ile ya Ukimwi. Ni ya RPR, kipimo cha kaswende anachofanyiwa mama mjamzito anapoanza kliniki.

Kazi yenyewe ni fupi. Nachota tone la maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu baada ya mashine kuizungusha chupa. Nalidondosha kwenye kadi nyeupe, naongeza tone la dawa yenye chembe nyeusi za mkaa, kisha kadi inazungushwa dakika 8. Chembe zikibaki zimetawanyika, mama hana neno. Zikishikana zikafanya madonge, naandika chanya, na jioni hiyo katika nyumba moja ya mtaa wa Mangobo au Lubunga mume anauliza: “Ugonjwa huu umeutoa wapi?”

Kumbe kipimo hiki hakimwoni mdudu wa kaswende hata kidogo. Kinaona kingamwili zinazoshika mafuta yaitwayo kadiolipini. August Wassermann na wenzake walipotoa kipimo cha kwanza cha kaswende, Ujerumani, mwaka 1906, walitumia maini ya vichanga waliokufa kwa ugonjwa huo, wakiamini wanamnasa mdudu mwenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba moyo wa ng'ombe mwenye afya unatoa jibu lilelile, na mwaka 1941 Mary Pangborn, Marekani, akayatenga mafuta hayo kutoka katika moyo wa ng'ombe.

Sisi pia tunayo mafuta hayo mwilini. Kaswende huufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi yake, lakini malaria nayo huweza, na hapa kwetu nani hajaugua malaria? Huweza pia magonjwa ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili, hasa lupasi. Mwaka 1983, daktari Graham Hughes wa London alieleza hali ambamo kingamwili za aina hii hugandisha damu ndani ya mishipa. Damu ikiganda mguuni, mguu huvimba na kuuma. Kondo la nyuma nalo likikosa damu, mimba hutoka. Mama anapoteza mimba moja, ya pili, ya tatu, na majirani wanatafuta mchawi.

Sisemi mama akatae sindano ya penisilini. Kaswende ya kweli huua watoto tumboni, na sindano ni ya bei ndogo kuliko mazishi. Ninachoomba ni kipimo cha pili, TPHA, kinachotafuta kingamwili za mdudu mwenyewe. Hicho kikiwa hasi, ile RPR chanya karibu kila mara haikutokana na kaswende, na ndoa isivunjwe kwa ajili yake.

Malaria inatusumbua hivyo hivyo kwenye vipimo vingine vya kingamwili. Kipimo cha baridi yabisi, ambacho huchukua dakika 2 tu, huweza kuwa chanya kwa mtu ambaye viungo vyake havina shida yoyote. Kile cha ANA, kinachosomwa kwa darubini ya mwanga maalumu, ndicho mlango wa kutafuta lupasi. Lakini hata watu wazima wa afya, kama 5 katika 100, huwa chanya damu yao ikizimuliwa mara 160. Ndiyo maana nasikitika ninapomwona mtu ameshika karatasi ya ANA akilia, kabla daktari hajamtazama ngozi, viungo wala mkojo.

Nikirudi kwa mama ambaye RPR yake ni chanya na TPHA yake ni hasi: tunasubiri malaria itibiwe, tunarudia RPR. Ikibaki chanya, na nyuma yake kuna mimba zilizotoka au mguu uliowahi kuganda damu, daktari aambiwe yote hayo, mimba zihesabiwe bila aibu. Hapo damu huchukuliwa kwa ajili ya vipimo vitatu vya kingamwili zile zinazogandisha damu, na vikiwa chanya hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, maana kingamwili za maambukizi mara nyingi hupita. Maabara yetu haina vipimo hivyo. Damu hutenganishwa, hupozwa, na kupanda ndege katika uwanja wetu wa Bangoka kwenda Kinshasa. Ni gharama kubwa kwa familia. Lakini mama akithibitishwa kuwa na hali hiyo, aspirini ya kipimo kidogo na sindano za heparini wakati wa ujauzito humwongezea sana nafasi ya kumzaa mtoto wake akiwa hai.