Kijana Apewe Kazi, Asipewe Kiti Tu

Kila mwaka, madarasa ya vyuo vikuu yafungwapo, vijana wetu wengi hushika barua za utambulisho na kubisha hodi katika ofisi za halmashauri za wilaya, miji na majiji. Wamekuja kwa mafunzo ya vitendo. Miongoni mwao wamo wanaosomea hasa uendeshaji wa serikali za mitaa, ambao kesho twatazamia kuwaona wakiwa maofisa mipango, maofisa utumishi na watendaji wa kata. Swali letu la leo ni moja tu: je, twawapokea kama watu waliokuja kujifunza kazi, au kama wageni wa kukalishwa kitini hata siku zao ziishe?

Twauliza kwa sababu mambo haya yajulikana. Kijana hufika, akakaribishwa kwa maneno mazuri, akaonyeshwa kiti kando ya kabati la majalada. Siku ya kwanza hutumwa kupeleka barua masijala. Siku ya pili hutoa nakala za karatasi. Siku ya tatu huagizwa chai. Majuma yake yakitimia, kitabu chake cha kumbukumbu hupigwa mhuri, msimamizi akaandika kwamba kijana ana nidhamu, wakaagana. Nidhamu ni jambo jema, wala hatulikatai. Lakini kijana huyo hakuona bajeti ikitungwa, hakuketi katika kikao hata kimoja, wala hakukanyaga kijiji. Shahada ataipata, kazi hajaijua.

Ndugu wafanyakazi, hasara hiyo si yake peke yake. Tukumbuke tulikotoka. Huko Mzumbe, mkoani Morogoro, shule ya serikali za mitaa ilianzishwa mwaka 1953, zama za ukoloni, ili kuwafundisha machifu, watumishi na madiwani wa wakati ule. Tulipojitawala, halmashauri zilibebeshwa shule, zahanati na barabara, mzigo uliozidi mifuko yao na uliozidi idadi ya watu wao wenye ujuzi. Mwaka 1972 zilianza kuvunjwa, na kazi zao zikashikwa na watumishi wa Serikali Kuu. Huduma za mijini zikazorota, hata ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978. Ndipo zikaja sheria za mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Shule ile ya Mzumbe nayo imekua, na tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu. Fundisho la habari hii ni kwamba madaraka ya wananchi hayalindwi na sheria peke yake. Pasipokuwa na watu wanaoijua kazi, madaraka hayo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa.

Basi kijana ajifunze wapi? Kwanza, apelekwe kijijini. Huko kuna mkutano mkuu, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25. Aketi hapo, asikilize hesabu za mapato na matumizi zikisomwa. Amwone bibi kizee akisimama na kuuliza mchango wa zahanati umekwenda wapi, na amtazame mtendaji wa kijiji akitafuta stakabadhi. Somo hilo halimo katika daftari la chuo.

Pili, apewe kazi yenye manufaa kwa halmashauri yenyewe. Tutoe mfano. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taarifa za ukaguzi zimetaja mara nyingi mikopo ambayo vikundi havikuirejesha. Ni nani atakayekwenda kwa kila kikundi kuuliza kilichotokea, kama kuku walikufa, kama soko lilikosekana, au kama kikundi chenyewe kilikuwa cha majina tu? Ofisa maendeleo ya jamii ana kata nyingi na siku chache. Kijana anayo nafasi, kalamu na macho mapya. Akiandika alichokikuta, taarifa yake isiishie katika rafu za chuo, bali isomwe mbele ya wakuu wa idara. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wapo watumishi wanaoogopa kwamba mwanafunzi akifundishwa atawanyang'anya kiti. Hofu hiyo haina msingi. Mtumishi aliyemfundisha mwenzake hakupungukiwa na kitu. Wapo pia wanafunzi wanaodhani kwamba kusoma vitabu kumewapa haki ya kuwadharau makarani waliokaa kazini miaka mingi. Hao nao wajirekebishe, kwani kuuliza si ujinga. Na walimu wa vyuo wasifike mara moja kutia sahihi na kuondoka. Waketi na msimamizi, waulize kijana amefanya nini.

Mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo haupo tena, na majuma machache ya mafunzo ya vitendo ndiyo yaliyobaki kumkutanisha msomi na mwananchi kabla hajapewa cheo. Yakipotea bure, atakutana naye kwa mara ya kwanza siku aliyokwisha kuwa bwana mkubwa.

Kwa hiyo twamwomba kila mkurugenzi wa halmashauri, barua za vijana zikifika mezani pake, asiulize tu kuna viti vingapi. Aulize kuna kazi zipi, na nani atamsimamia kila mmoja. Gari liendalo kijijini lina nafasi, kijana apandishwe. Samaki mkunje angali mbichi.