Dawa za Miti na Ugonjwa wa Mfuko wa Uzazi

  Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo akina mama husemezana kwa sauti ya chini jikoni, na akina baba hujifanya hawalisikii. Nawaomba akina baba msitoke nje. Linawahusu, na baadaye mtaona kwa nini.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: MFUKO WA UZAZI. Wazee waliuita mji wa mimba. Humo ndimo mtoto anamokaa miezi tisa. Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma hubanduka na kuacha mahali pabichi ndani ya mfuko, kama kidonda. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia hapo, mfuko huvimba, hupata moto na kuuma. Huweza kuingia kwa mikono isiyooshwa ya mtu anayezalisha. Huweza kuzaana katika kipande cha kondo kilichobaki ndani, au baada ya mimba kuharibika. Hata mwanamke ambaye hakuzaa karibuni huweza kuugua, maana kisonono na klamidia ni magonjwa ya zinaa yanayoanza chini na kupanda juu mpaka katika mfuko.

Tuseme mama amejifungua Jumatatu. Siku ya Alhamisi anasikia baridi, anatetemeka, ingawa ameketi karibu na moto. Njombe ni nchi ya baridi, na mwezi wa Juni au Julai kila mtu hutetemeka asubuhi, kwa hiyo ni rahisi kusema, "Ni baridi tu." Lakini chini ya kitovu panauma, na damu ya uzazi inatoa harufu mbaya. Mama mkwe anachemsha magome, anampa kikombe anywe. Jioni homa imeshuka. Watu wa nyumbani wanafurahi. Je, amepona?

Ili tupate jibu, yatupasa kujua kwanza dawa hutokaje katika mti. Ninyi mnalijua jambo hili kuliko watu wengi. Kampuni ya TANWAT ilianza kazi Njombe mwaka 1949, ikapanda misitu ya miwati. Magome ya muwati yalitolewa, yakapikwa, na humo kikapatikana kitu kiitwacho tanini. Tanini hukaza ngozi mbichi ya ng'ombe hata ikawa ngozi ya viatu isiyooza. Chai nayo ina vitu vya jamii hiyo. Ukinywa chai kali bila maziwa, ulimi hukauka na kukaza. Hiyo ndiyo kazi yake. Vile vile pareto: ndani ya ua lake mna piretrini, nayo ndiyo inayoua mbu na nzi. Basi mti wote si dawa. Ndani yake mna vitu vingi, na kimoja au viwili ndivyo vyenye nguvu.

Huko Ulaya uko mti uotao kandokando ya mito, jina lake mwerebi. Watu wa zamani walitumia magome yake kutuliza homa. Mwaka 1828 mtaalamu wa Ujerumani, Johann Buchner, alitoa katika magome hayo kitu kichungu kilichoitwa salisini. Wataalamu wengine waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1897, katika kampuni ya Bayer, ikatengenezwa aspirini. Aspirini hupunguza maumivu, hushusha homa, hutuliza uvimbe. Lakini haiui vijidudu vilivyomo katika mfuko wa uzazi.

Hapo ndipo penye hatari. Fikirini moto umeshika pembe ya paa. Mtu anafungua mlango, moshi unatoka, macho hayamwashi tena, naye anaketi kunywa uji. Moto je? Homa na maumivu ni moshi. Vijidudu ni moto. Mama wa Alhamisi anaweza kushukiwa na homa jioni, na Jumamosi vijidudu vikawa vimeingia katika damu. Mwanamke hufa kwa ugonjwa huu. Mwingine hupona, lakini mirija ya uzazi imeziba, asipate mtoto tena, na majirani wakasema amerogwa.

Tanini nayo hudanganya kwa namna yake. Magome mengi yana tanini, na mahali pabichi pakioshwa kwa maji ya magome, nyama hukaza na uchafu hupungua kwa muda. Mama anaona pamekauka, anafikiri ugonjwa umekwisha. Kumbe maji yale, na hasa majani yanayosokomezwa ukeni, huweza kupeleka vijidudu vingine ndani zaidi. Hilo msilifanye, hata anayewashauri akiwa ni mtu wa heshima.

Dawa ya kwanza iliyouzima moto huo vizuri haikutoka katika mti. Mwaka 1936 daktari Leonard Colebrook, katika hospitali ya Queen Charlotte's ya London, alieleza jinsi alivyowatibu wanawake wenye homa ya uzazi kwa dawa mpya iitwayo Prontosil, na vifo vikapungua sana. Baadaye ikaja penisilini, iliyotoka katika kuvu. Siku hizi zipo nyingine, na mgonjwa mahututi hupewa kwa sindano.

Mimi sisemi kwamba mitishamba ni upuuzi. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norwei, Lorents Gran, alikuwa Kongo. Aliona wanawake wa Kilulua wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu wa kuzaa uende upesi. Hakucheka. Aliuchunguza, akakuta ndani yake kitu kinachoufanya mfuko wa uzazi ujikamue. Mwaka 1995 wataalamu walijua umbo la kitu hicho barabara, nacho ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, ndiyo maana hata maji ya moto hayakiharibu. Bibi zetu, basi, hawakuwa wajinga. Lakini mfuko ukikamuliwa kupita kiasi, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe huweza kupasuka. Kidonge kina kipimo kilichoandikwa. Katika kikombe cha majani, nani ajuaye kipimo? Majani ya masika si sawa na majani ya kiangazi.

Kwa ajili hiyo mwaka 1974 kilianzishwa kitengo huko Muhimbili, Dar es Salaam, cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa taasisi. Huko mti hupimwa: una nini, kiasi gani, na unadhuru nini. Mtu anayeuza chupa stendi hawezi kuyafanya hayo, hata akiapa.

Sasa akina baba. Ikiwa ugonjwa wa mke umetokana na kisonono au klamidia, akitibiwa peke yake na mume asitibiwe, atauguzwa tena. Nendeni pamoja. Tena, mara nyingi baba ndiye mwenye nauli. Kutoka Makambako mpaka Njombe mjini ni kama kilometa 60, na lami ipo. Msingojee siku ya gulio. Anzeni zahanati iliyo karibu, nao watawaambia kama inafaa kwenda hospitali, iwe Makambako, Kibena au Ilembula.

Mkifika, mwambieni mganga siku mama aliyojifungua, na kama kondo lilitoka zima. Mkiwa mmempa dawa ya miti, semeni bila haya, na mchukue kipande cha gome au jani lenyewe katika karatasi. Hilo litamsaidia kujua alichokunywa mgonjwa.

Wanafunzi, andikeni katika daftari: homa, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya, damu nyingi. Mwalimu atawasomesha maneno hayo mara tatu, kisha kila mmoja ayasome peke yake. Kwaherini.